Themanini ya Baba

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na kufikia saa tano gereji imejaa magari utadhani tunagawa kitu cha bure. Naandika nimesimama, daftari likiwa juu ya rundo la matairi. Ni Mama aliyenishauri niandike. Anasema tangu nilipoachana na yule mwanamume nimekuwa nikizunguka nyumba nzima nikiongea peke yangu, na mtu wa miaka thelathini na sita akizoea kuongea na ukuta, ipo siku ukuta utamjibu. Haya, Mama, naandika.

Kila masika ni yaleyale. Barabara za udongo zikilowa, wenye magari wanakuja kutaka "kupandishwa", yaani wafungiwe matairi makubwa kuliko yale ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, ili tumbo lake lipite juu ya matope. Hiyo ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na mbili sasa hapa kwa Tajiri, mwenye gereji. Kama kuna mwanamke mwingine mjini anayejua jeki kunishinda, aje tupimane.

Leo nimempandisha baba yangu mzazi. Baba ni dereva wa gari la chanjo, anapeleka masanduku ya baridi kwenye zahanati za vijijini. Wiki iliyopita alikwama bondeni saa sita nzima. Barafu ikayeyuka, chanjo zikatupwa, na akina mama waliokuwa wakisubiri na watoto mgongoni wakarudi kama walivyokuja. Nikampigia simu msimamizi wa magari wa ofisi yake, nikamwambia dawa ya lile bonde ni matairi makubwa. Hakubisha. Yote manne nimefunga kwa mikono yangu, hata nati moja sikumwachia mtu.

Wenzake wanamwita Themanini. Miaka thelathini na moja barabarani, na mshale wa spidi haujavuka themanini hata siku moja, awe amechelewa au hajachelewa. Amebakiza miezi mitano astaafu. Anachotaka ni barua ya kustaafu isiyo na doa, aitie kwenye fremu na kuitundika karibu na picha ya harusi. Mama anasema hiyo barua atakuja kuionea wivu.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Magari kumi na moja. Mgongo huu si wangu tena.

Jumatatu, 9 Machi

Baba amevuka bonde mara tatu bila kukwama. Msimamizi amempigia Tajiri kumshukuru, na Tajiri, ambaye sifa huzitoa kwa kijiko cha chai, amesema mbele ya mafundi wote kwamba mimi ni mtu wa maana. Nimevimba kichwa siku nzima, sikatai.

Jumapili, 15 Machi

Nimekwenda kuwaona wazee. Baba hakula vizuri. Anasema barabara haimkalii sawa siku hizi. Mshale uko palepale kwenye themanini, lakini nguzo za umeme zinamjia upesi, na kona ya kiwandani anaifikia kabla hajajiandaa. Nilicheka. Nikamwambia nguzo haziendi popote, ni uzee unaokuja, tena unakuja bila breki. Mama naye akacheka mpaka akashika ubavu. Baba akachukua kiti chake akaenda zake uani.

Nilishindwa kukaa. Nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa visafi.

Jumatano, 18 Machi

Themanini kakamatwa kwa mwendo kasi. Nimeandika sentensi hiyo na bado siiamini.

Trafiki walikuwa wamesimama na kamera yao baada ya daraja. Kamera ilisema themanini na nane. Baba aliwaeleza kwamba alikuwa akiutazama mshale wakati uleule, ulikuwa themanini. Trafiki akamwambia hajawahi kumkamata dereva ambaye mshale wake haukuwa themanini. Walipomwachia akarudi ofisini, wenzake wakawa wameshapata habari. Sasa wanamwita Themanini na Nane.

Amekataa kuongea nami kwenye simu. Namjua Baba, hadanganyi. Lakini kamera nayo itadanganya ili iweje? Nimeizunguka gereji mpaka Tajiri akaniuliza kama natafuta kitu. Nikamwambia natafuta spana, na spana ilikuwa mkononi.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua.

Alhamisi, 26 Machi

Mara ya pili. Safari hii ni karibu na shule, ambapo mwisho ni hamsini. Kamera imesema hamsini na tano. Amepewa barua ya onyo, na Msimamizi anataka cheti cha daktari wa macho. Mama anasema Baba ameisoma hiyo barua kwa mbali, kwa karibu, na kwa kufunika jicho moja.

Ijumaa, 27 Machi

Nilimpeleka kupima macho. Akakalishwa kwenye kiti kirefu, akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, kisha akamsomea daktari jina la kampuni ya uchapaji lililokuwa pembeni mwa karatasi. Daktari alisema macho haya yatamzika yeye daktari.

Niseme ukweli: nilikuwa nimeomba yawe mabovu. Miwani ingemaliza maneno. Kama macho ni mazima, basi Baba anajua anachofanya na anatudanganya. Tulirudi kwa miguu, kila mtu na mwavuli wake.

Alhamisi, 2 Aprili

Maji yamezidi unga.

Baba ana kitabu cha safari. Kila akitoka anaandika kilomita zilizo kwenye mita, kila akirudi anaandika tena. Safari ya zahanati ya mwisho, kwenda na kurudi, ni kilomita mia moja ishirini na sita tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mwezi wa Machi wote imekuwa mia moja kumi na tano, na mafuta yanayotumika hayakupungua hata lita moja. Baba mwenyewe aliliona hilo na akaandika hivyohivyo, kwa sababu yeye huandika anachokiona.

Msimamizi amelipata jibu lake. Kuna mchezo wa zamani wa madereva: unachomoa waya wa mita, unakwenda safari zako binafsi, kilomita hazihesabiwi, kisha unaurudisha. Ukichelewa kuurudisha, unakula na kilomita za ofisi. Amesema ndiyo maana Baba anakimbia siku hizi, anafidia muda alioupoteza huko anakokwenda. Amesema za mwizi ni arobaini. Baba amenyang'anywa ufunguo, gari limeegeshwa, na kikao cha kumfukuza ni Ijumaa ya tarehe ishirini na nne. Akifukuzwa, hakuna barua wala mafao, na miaka thelathini na moja itaishia kwenye neno mwizi.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja kutoka kazini, na mafuta yangu mikononi. Mama alikuwa amekaa jikoni hapiki. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanamume akipotelea kilomita kumi na moja kila safari, basi kilomita hizo zina mlango, na mlango una mwenyewe. Kumbe ndiko alikokuwa amefika. Na mimi, badala ya kumkatalia, nikaona inaingia akilini.

Nikaenda sebuleni. Nikamwuliza Baba, Mama akisikia:

"Baba, hizo kilomita kumi na moja unakwenda kwa nani?"

Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Akasema, "Hata wewe, mwanangu." Kisha akainuka akaenda kufunga dirisha lililokuwa limeshafungwa.

Jumatatu, 6 Aprili

Mama amehamia chumba changu cha zamani. Baba anafagia uwanja. Mvua inauchafua, anafagia tena.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Nimefunga tairi moja kinyume, mteja akaliona kabla yangu. Aibu tupu.

Jumamosi, 11 Aprili

Nilimpelekea Baba viatu vya mvua. Akasema ahsante, akaviweka pembeni. Kila nikianza sentensi, naye anaanza kazi nyingine. Nimekaa robo saa, nimesimama mara nne. Sijui niombe radhi kwa lipi, maana bado sijui kama nilikosea. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote: nataka kumwamini na siwezi, kila nikijaribu nakutana na zile namba.

Jumanne, 14 Aprili

Nitaandika polepole, kwa mpangilio.

Asubuhi alikuja dada anayesambaza mikate. Nilimpandisha mwisho wa mwezi wa Machi. Alikuja kujaza upepo tu, akaanza maskhara yake, akasema fundi, ulinifungia matairi ya kichawi, umenifupishia barabara. Mzunguko wake wa maduka ulikuwa kilomita sitini na tatu, sasa ni hamsini na saba na nusu, na maduka ni yaleyale.

Niliachia bomba la upepo likaanguka chini. Nikamwuliza tena, akarudia, akashangaa mbona sicheki.

Matairi ya zamani ya Baba bado yako stoo. Nilichukua moja, nikaliwekea alama ya chaki, nikachora na sakafu, nikaliviringisha mzunguko mmoja kamili mpaka alama ikarudi chini. Nikapima kwa futi kamba: mita mbili na sentimita kumi. Nikachukua kubwa, la saizi ileile niliyomfungia. Mita mbili na sentimita thelathini.

Basi. Ni hilo tu. Mita ya gari haiijui barabara. Inajua gurudumu limezunguka mara ngapi, na ilifundishwa kiwandani kwamba kila mzunguko ni mita mbili na kumi. Mimi nikaja nikabadilisha mguu, nisimwambie mwenye kuhesabu hatua. Gari linakwenda mbili na thelathini, lenyewe linaandika mbili na kumi. Kwa hiyo mshale ukisema themanini, gari liko karibu themanini na nane. Ukisema hamsini, ni hamsini na tano. Na safari ya kilomita mia moja ishirini na sita inaandikwa mia moja kumi na tano.

Nimerudia hesabu mara sita nikiomba nimekosea. Zile namba zote zilizomtia Baba doa, moja baada ya nyingine, zinatoka kwenye ile chaki. Hakuna mlango, hakuna mwanamke, hakuna waya uliochomolewa. Alituambia nguzo zinamjia upesi, nasi tukashika mbavu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ni mimi.

Nimelia nyuma ya kompresa ya upepo, kwa sababu inavyonguruma hakuna anayesikia.

Jumatano, 15 Aprili

Nimemwambia Tajiri. Hakushangaa. Alisema alikuwa akijua juu juu, kwamba ukipanda saizi mshale unabaki nyuma kidogo, lakini kidogo hicho hakijamwua mtu. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akaniuliza mbona mimi fundi sikuuliza. Hapo alinipata.

Kisha akafunga mlango wa ofisi. Akanitaka nihesabu tumepandisha magari mangapi kwa miaka kumi na miwili. Hesabu wangapi wamewahi kukamatwa, hesabu wangapi wamegonga. Nikitoka nje kusema, wote watarudi hapa, na watarudi na hasira. Mafundi saba wanakula kwenye gereji hii. Alisema, rudisha yale matairi ya zamani kimyakimya, mita itajirekebisha yenyewe, mambo yatapoa.

Nilikubali. Naandika hivyo hivyo kwa sababu humu sina wa kumdanganya. Nilimpigia Msimamizi, nikamwambia mvua inapungua, alete gari tulirudishie matairi ya kawaida. Alifurahi. Alisema dereva mwingine ataanza nalo Jumanne, kwa hiyo atalileta Jumatatu. Nilipokata simu nilijiona nimefanya jambo la busara, na hapohapo nikajisikia vibaya.

Ijumaa, 17 Aprili

Nilikwenda nyumbani nikiwa na nia ya kumwambia Baba peke yake. Nikanywa maji, nikarudi.

Jumatatu, 20 Aprili

Dereva mpya alilileta saa tatu. Mtu mzima, mpole, amevaa sweta. Nikapiga jeki, nikatoa matairi mawili makubwa ya mbele, nikaweka moja la zamani. Yeye alikuwa amesimama pembeni na kitabu kipya cha safari, akipiga mistari kwa rula. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba hajui yule mzee alishindwa nini, maana kazi yenyewe ni kuandika kilomita vizuri tu. Msimamizi ameshamwambia alete kitabu hicho kwenye kikao cha Ijumaa, waone safari halisi ni kilomita ngapi.

Spana ilisimama mkononi.

Nilikuwa nimejiambia naficha kosa langu. Sikuwa nimeliona hili: kesho huyu bwana atakwenda zahanati ya mwisho na kurudi juu ya matairi ya zamani, na mita itasema mia moja ishirini na sita. Safi kabisa. Ataandika kwa mwandiko wake mzuri. Na Ijumaa kitabu hicho kitawekwa mezani mbele ya Baba, gari lilelile, barabara ileile, na itaonekana kwamba kilichokuwa kimebadilika ni dereva tu. Kwa kuficha nilikuwa namzika baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na ningekuwa nimekaa nyumbani nasubiri mambo yapoe.

Nikalitoa lile tairi dogo. Nikarudisha makubwa, nikakaza nati mpaka kiganja kikachubuka. Dereva mpya akauliza kulikoni. Nikamwambia gari hili halitembei mpaka nizungumze na bosi wake. Tajiri akatoka ofisini, akaniita pembeni, akasema kama nimeamua kuchoma gereji basi nichukue spana zangu kwanza. Nikazichukua. Kisanduku kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka.

Nikampigia Msimamizi nikiwa barabarani, kwenye mvua. Nikamwambia kwamba mwizi wake wa kilomita ndiye anayempigia.

Ijumaa, 24 Aprili

Kikao kilikuwa na watu wanne na mimi. Baba alivaa suti ya harusi ya kaka yake. Niliingia na futi kamba na chaki, na wakanitazama kama muuza maandazi aliyepotea njia.

Nilieleza. Nilipoona maneno hayawaingii, nikaomba twende barabarani, pale penye nguzo za kilomita. Msimamizi akamnyooshea Baba ufunguo. Baba akakataa kuupokea. Alisema hataki mtu aseme kwamba ni mkono wake. Basi Msimamizi akaendesha mwenyewe, mimi mbele, Baba na mwenyekiti nyuma. Tukaanzia kwenye nguzo moja, tukahesabu kumi. Nguzo ya kumi ilipofika, mita ilikuwa imeandika kilomita tisa na kitu kidogo. Msimamizi aligeuza gari, akarudia kumi zilezile, ikawa vilevile. Safari ya kurudi ofisini aliendesha akiwa ameweka simu yake juu ya dashibodi, inapima mwendo kwa satelaiti. Mshale themanini, simu themanini na nane.

Nikageuka nyuma, nikasema mbele ya mwenyekiti, "Baba, ni mimi niliyefunga. Sikukwambia kwa sababu sikujua, na nilipojua nilinyamaza siku sita."

Aliitikia kidogo kwa kichwa, akaendelea kutazama nje.

Tuhuma zimefutwa, onyo limeondolewa kwenye jalada, Jumatatu anarudi kazini. Makosa ya trafiki hayafutwi, maana sheria inasema dereva ndiye anayepaswa kuijua spidi yake. Msimamizi amemwomba radhi akiwa amesimama. Mama alimngoja kwenye lango, bila mwavuli, akaanza kusema maneno yake ya kuomba msamaha, na Baba akamwambia aingie ndani asije akapata homa. Usiku huohuo amerudi chumbani kwao.

Kwangu hakusema kitu.

Jumamosi, 2 Mei

Tajiri alikuja mwenyewe mpaka ninapoishi. Habari za kikao zimeenea, magari ishirini na mawili yamerudi, na kila mwenye gari anamwulizia yule mama wa chaki. Alisema nirudi. Nilikubali kwa sharti kwamba kila tunayempandisha apimiwe na aandikiwe kwenye karatasi tofauti ya spidi yake. Akaguna, ambayo kwake ni ndiyo.

Jumatano, 6 Mei

Mvua kidogo. Nimewapigia simu wateja wa zamani tisa. Mmoja amenitukana, kwa haki.

Jumapili, 10 Mei

Jua tangu asubuhi. Baba alikuwa akiosha gari la chanjo uani, limesharudishiwa matairi yake ya zamani, na hakuyafungia kwetu. Nilichukua kitambaa nikaanza upande wa pili bila kuombwa. Tulifika mpaka milango ya nyuma hakuna aliyesema neno. Nikashindwa. Nikamwambia nimechoka kuomba radhi kimoyomoyo, anitukane basi, anipige hata kofi, lakini aseme.

Baba alikamua kitambaa chake.

"La matairi nilikusamehe palepale barabarani," alisema. "Hilo ni kosa la kazi, kila fundi analo lake. Lakini uliniuliza nakwenda kwa nani. Mama yako alinidhania, hakuniuliza. Wewe uliniuliza, naye akisikia."

Nikamwuliza nifanye nini.

"Usifanye kitu. Subiri."

"Mpaka lini, Baba?"

"Sijui, mwanangu. Hata mimi nasubiri."

Mimi, ninayeinua kifuniko cha sufuria kila dakika kutazama kama maji yamechemka, nikamwambia nitasubiri. Alinisogezea ndoo. Nikaosha magurudumu yote manne, kisha nikakaa kwenye ngazi, nikakaa kweli, mpaka alipomaliza kukifuta kioo cha mbele.